Baiskeli kwa Kimo na kwa Njia

Naomba kuzungumza nanyi, wasikilizaji wetu wa Nakuru na Naivasha, wa Gilgil, Njoro na Molo, na ninyi mlio mbali zaidi katika Bonde la Ufa ambao sauti hii yawafikia jioni ya leo, habari ya baiskeli, na hasa namna mtu anavyopaswa kuichagua ile iliyo yake. Kwa maana jambo hili, ijapokuwa lagusa mifuko na viungo vya watu wengi sana wa nchi hii ya bonde, ni nadra kusikika likinenwa hadharani.

Muuza viatu humwuliza mnunuzi namba ya mguu wake kabla ya kumwuliza rangi aipendayo, na hata asipoulizwa, mnunuzi mwenyewe huvaa kiatu akatembea hatua mbili tatu pale dukani. Lakini mtu huyo huyo akienda kununua baiskeli, ambayo thamani yake yapita ya jozi kadhaa za viatu, na ambayo atakaa juu yake asubuhi na jioni kwa muda wa miaka, aghalabu huitazama rangi, husikia bei, hupiga kengele, hulipa, akaenda zake. Magoti yakianza kumwuma mwezi wa pili, hulaumu kazi, au baridi, au umri. Rai yangu ni kwamba mambo mawili yatangulie mengine yote, nayo ni mguu wa mpandaji na njia atakayoipita kila siku. Kwa sababu kiti chaweza kupandishwa na kushushwa, usukani waweza kubadilishwa, matairi yaweza kununuliwa mengine, bali fremu ikizidi au ikipungua kimo cha mtu, hakuna fundi atakayeirefusha wala kuifupisha ikamfaa.

Wahunzi wa kwanza wa chombo hiki walilijua jambo hilo kuliko sisi. Katika miaka ya 1870 baiskeli iliyotamalaki Uingereza ilikuwa ile yenye gurudumu kubwa mno mbele na dogo nyuma, isiyo na mnyororo, makanyagio yake yakiwa yamefungwa papo hapo penye kitovu cha gurudumu la mbele, hata ikawa kadiri gurudumu lilivyokuwa kubwa ndivyo mwendo ulivyoongezeka. Walakini gurudumu halikuweza kupita urefu wa mguu wa mwenyewe, maana asingeyafikia makanyagio, na kwa hiyo mtu alipoiagiza baiskeli alipimwa mguu kwanza. Mwaka 1885 John Kemp Starley wa mji wa Coventry akaitoa Rover yake, yenye magurudumu yaliyokaribia kulingana na mnyororo wa kuliendesha la nyuma, na mwaka 1888 John Boyd Dunlop, tabibu wa wanyama aliyekuwa akikaa Belfast, akapata hati ya hataza ya tairi la upepo. Tangu hapo baiskeli ikaweza kutengenezwa kwa wingi kwa vipimo vichache tu, na nadhani ndipo desturi ya kupimana ilipoachwa, kwa kuwa baiskeli ya kale ilimkataa papo hapo mtu asiyelingana nayo, ilhali hii mpya humstahimili, ikamtesa polepole.

Basi na tupimane. Simama bila viatu, mgongo ukutani, nyayo zikiachana kiasi cha shubiri moja. Chukua kitabu chenye jalada gumu, kipandishe katikati ya mapaja, uti wake ukielekea juu, hata kikukaze kama kiti kitakavyokukaza, kisha mwenzako aweke alama ukutani pale uti ulipofika, apime kutoka sakafuni. Kipimo hicho ndicho asili ya hesabu yote. Tuseme umepata sentimita 80. Kwa baiskeli ya mbio au ya barabara ya lami, mafundi huzidisha kipimo hicho kwa 0.66, wakapata fremu ya sentimita 53 hivi, ikihesabiwa kwa lile bomba lisimamalo chini ya kiti. Kwa baiskeli ya milimani, ambayo bomba lake la juu huinamishwa ili mtu apate nafasi ya kuruka chini penye hatari, huzidisha kwa 0.57 au karibu na hapo, wakapata sentimita 46, ambazo ni inchi 18. Na kiti kiinuliwe kiasi gani? Zidisha zile 80 kwa 0.883, hesabu iliyotangazwa sana na Greg LeMond, Mmarekani aliyeshinda mashindano ya Tour de France mara tatu, utapata sentimita 70 na nusu, nazo hupimwa kutoka katikati ya mhimili wa makanyagio hadi juu ya kiti, kwa kulifuata bomba la kiti.

Asiye na futi wala penseli ana njia nyingine isiyomdanganya. Akae juu ya kiti huku mwenzake ameishika baiskeli, aweke kisigino juu ya kanyagio lililo chini kabisa. Ikiwa mguu umenyooka bila nyonga kuinama upande, kiti kipo mahali pake, na atakapoanza kukanyaga kwa sehemu ya mbele ya wayo, kama ipasavyo, goti litabaki na mkunjo mdogo. Naliomba jambo hili lishikwe sana na wale vijana niwaonao katika barabara ya kusini ya Ziwa Naivasha alfajiri, wakitoka Karagita kwenda kwenye mashamba ya maua, wamekaa juu ya viti vilivyoshushwa hadi chini ili nyayo zao zigote ardhini, magoti yakipanda karibu na kifua. Kiti kilicho chini mno huliumiza goti kwa mbele, na kilicho juu mno huliumiza kwa nyuma, tena humfanya mtu ayumbishe nyonga kila mara akikanyaga, hata mgongo ukachoka kabla ya miguu. Maumivu hayo si sharti la kuendesha baiskeli, na kijana wa miaka 20 hastahili kuyazoea.

Kisha kuna urefu wa kwenda mbele, ambao wauzaji hawautaji kabisa. Mtu mwenye mikono mifupi akipewa baiskeli ndefu atanyooka kama anayevuta kamba, uzito wake wote ukaegemea viganja, na vidole vikafa ganzi kabla hajafika mwisho wa safari. Viwiko vikunjike kidogo, mabega yatulie, macho yaione njia pasipo shingo kukazwa. Mambo haya matatu yakipatikana, urefu watosha. Kwa anayekwenda kasi kwenye lami, usukani ukiwa sawa na kiti au chini yake kidogo si vibaya. Kwa mwalimu au karani aendaye kazini kwa utaratibu, usukani uliopanda juu ya kiti humpa nafuu ya mgongo na kumwezesha kutazama magari.

Sasa na tuitazame njia, maana hapa ndipo mji wetu ulipo na hali yake ya pekee. Nakuru, uliotangazwa kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021, umekaa kiasi cha mita 1,850 juu ya bahari, katikati ya ziwa lililo chini yake na mlima Menengai ambao ukingo wake hupanda hadi mita 2,278. Akaaye Lanet akafanya kazi mjini hana haja ya kuogopa mlima. Akaaye Njoro anashuka asubuhi kwa raha na jioni hupanda kwa jasho. Na anayesafirisha mboga au maziwa upande wa Elburgon na Molo yumo katika nchi nyingine kabisa, kwani Molo yakaribia mita 2,500, ukungu ni wa mara kwa mara, na masika yakifika udongo wa Mau hunata katika madigadi hata gurudumu likakataa kuzunguka. Huko Bahati kuelekea Subukia mtu hukutana na mteremko ambao watu wa lori wenyewe huuheshimu. Kwa hiyo jibu la swali kwamba baiskeli ipi ni bora haliwezi kuwa moja kwa watu wote wa kaunti hii, na muuzaji atoaye jibu moja kwa kila mteja hajawatendea haki.

Kwa muda mrefu jibu lilikuwa moja kwa sababu baiskeli yenyewe ilikuwa moja: ile nyeusi, ya chuma, ya magurudumu ya inchi 28, ya breki za fimbo, ambayo Wakenya wote waiita Black Mamba. Asili yake ni zile Raleigh za Nottingham, na waliozirithi ni wahunzi wa India, ambao Hero na Avon za mji wa Ludhiana ni maarufu miongoni mwao. Mimi ni mpenzi wa chombo hiki na sitaki kukivunjia heshima. Fremu yake imelala kwa nyuma na hivyo hunyonya matuta. Keria yake hubeba gunia ambalo baiskeli ya thamani mara kumi isingelithubutu. Na hakuna kituo cha soko katika bonde hili ambako fundi wake hapatikani. Imelisha watu na kusomesha watoto. Lakini tuzungumze kwa insafu: ni nzito, hukaribia kilo 20 kabla haijatwikwa kitu, na fremu zake zilizo nyingi ni za inchi 22 na 24, ambazo bomba lake la juu husimama mahali ambapo mtu mfupi hawezi kukanyaga ardhi kwa nyayo zote mbili bila kuumia. Wenye miguu mifupi, na hasa wale wa sentimita 75 kwenda chini, na waiache ile ya 24 hata ikipunguzwa bei.

Jambo la pili ni gia yake moja. Kwa kawaida gurudumu la meno la mbele lina meno 44 na la nyuma 18, na kwa magurudumu yake makubwa kila mzunguko mmoja wa makanyagio hukusukuma mita tano na nusu hivi. Penye tambarare ya Lanet ni mwendo mwema. Penye kupanda kwenda Njoro na mtungi wa maziwa nyuma, ni kumtaka mtu anyanyue mzigo ule mita tano na nusu za mlima kwa mzunguko mmoja, na ndiyo sababu huwaona wakishuka wakaisukuma. Baiskeli ya gia, ikiwekwa meno 22 mbele na 32 nyuma, na magurudumu ya inchi 26, husogea chini ya mita moja na nusu kwa mzunguko. Mlima ni ule ule, uzito ni ule ule, ila umegawanywa vipande vidogo ambavyo goti laweza kuvilipa. Na kwa aliye na Black Mamba tayari, na hana fedha ya kununua nyingine, hukumu si nzito: fundi amtilie nyuma gurudumu la meno 20 au 22 mahali pa 18, gharama ndogo, na mlima utapungua makali.

Kati ya hizo mbili kuna baiskeli za mizigo zilizofikiriwa upya, kama ile ya Buffalo ya shirika la World Bicycle Relief, lililoanzishwa mwaka 2005, ambayo ina magurudumu ya inchi 26, keria ya kuchukua kilo 100, na breki ya nyuma inayoshika kwa kurudisha kanyagio. Fadhila ya breki ya namna hii huonekana siku ya mvua, kwa sababu breki za fimbo hubana rimu, na rimu ikilowa maji haishikiki, ilhali hii imejificha ndani ya kitovu cha gurudumu. Mtu wa Elburgon ambaye kila jioni ya masika hushuka na mzigo, na atazame breki kabla hajatazama jambo jingine lolote.

Naivasha kuna namna nyingine ya kuendesha, nayo ni ya furaha. Mbuga ya Hell's Gate, iliyotengwa mwaka 1984, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 68, ni miongoni mwa mbuga chache za nchi yetu ambazo mgeni huruhusiwa kupita kwa miguu au kwa baiskeli kati ya pundamilia, twiga na ngiri, na katika njia iendayo huko, kutokea barabara ya ziwa, vijana hukodisha baiskeli za milimani zilizopangwa kwa safu. Kutoka lango la Elsa mtu hupita chini ya mnara wa mwamba uitwao kwa jina la Fischer, Mjerumani aliyefika hapo mwaka 1883, akaendelea kwenye vumbi la majivu ya volkeno lililo laini na zito, hata afike penye korongo aache baiskeli na kushuka kwa miguu. Nataka kuwasihi wanaokwenda huko, hasa walimu wanaopeleka wanafunzi, wasikubali kupewa baiskeli kwa jinsi ilivyo karibu na mkono. Ivuke fremu, simama. Kati yako na bomba la juu pawe na nafasi ya vidole vinne au zaidi, kwa sababu katika mchanga utashuka ghafla bila kupenda. Bonyeza breki zote mbili na uisukume mbele. Isogee kwa shida au isisogee kabisa. Badilisha gia zote huku gurudumu la nyuma limeinuliwa. Bonyeza tairi kwa kidole gumba: kwa njia hii ya mchanga tairi pana lenye upepo wa wastani huelea, na jembamba lililojazwa sana huzama, lakini likiwa laini mno miiba ya migunga na mawe yatalitoboa, nawe utarudi kwa miguu katika jua la saa saba. Mambo haya yote hayachukui dakika tano, na mwenye baiskeli aliye mwaminifu hatakasirika.

Baiskeli za mbio nazitaja kwa ufupi, kwani wanaozitaka ni wachache na wengi wao wana walimu. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 akaja kushinda Tour de France mara nne, alipokuwa mtoto alifunzwa na David Kinjah kijijini Mai-a-Ihii upande wa Kikuyu, na katika nyumba hiyo ya Kinjah watoto wameendelea kufundishwa kuendesha na kutengeneza kwa pamoja. Anayetaka njia hiyo na aanze kwa mwalimu kabla ya kununua chochote.

Siku hizi wengi hununua baiskeli za mitumba zilizotoka Ulaya, na mara nyingi ni bora kwa utengenezaji kuliko mpya za bei ile ile. Zichunguzwe kwa macho mawili. Tazama maungio ya fremu, hasa penye shingo na chini ya kiti, kama pana ufa au rangi iliyopasuka kwa mstari. Ukiuona, iache, hata ukiahidiwa kwamba itachomelewa. Tazama nguzo ya kiti: ina alama ya mwisho wa kutolewa, na ikiwa kwa kimo chako alama hiyo yatokea nje, fremu ni ndogo kwako, na nguzo yaweza kuvunjika ukiwa juu yake. Kisha soma maandishi yaliyo ubavuni mwa tairi. Hapa wanunuzi hupata hasara wasiyoitazamia: baiskeli za Ulaya zilizoandikwa 28 mara nyingi huwa na rimu ya milimita 622, na Black Mamba yenye 28 hiyo hiyo ina rimu ya milimita 635, na tairi la moja halikai katika nyingine, hata fundi alipige na nyundo. Kabla ya kulipa, nenda kwenye duka la vipuri la soko la kwenu, iwe Molo au Gilgil au Rongai, ukaulize kama tairi, tyubu na spoki za kipimo kile zapatikana. Zikikosekana, baiskeli ile itakulaza nyumbani siku ya pancha ya kwanza, ijapokuwa nzuri namna gani.

Neno moja kuhusu fremu isiyo na bomba la juu, ile iitwayo ya kike. Ni sitara kwa avaaye rinda au kanzu, ni kweli, lakini faida yake haiishii kwa wanawake. Mwanamume aliyefunga gunia la viazi kwenye keria hawezi kupitisha mguu kwa nyuma, na nimewaona wakianguka na mzigo wao kwa kulazimisha. Fremu ya namna ile humruhusu kuingia kwa mbele na kushuka upesi. Kwa mzigo mzito mno fremu yenye bomba la juu ni imara zaidi, hilo silikanushi, lakini kwa maziwa, mikate na magazeti sioni sababu ya haya.

Na watoto. Mzazi humnunulia mwanawe wa miaka saba baiskeli ya inchi 26, akisema atakua nayo. Nafahamu ugumu wa fedha, nami simlaumu mzazi. Hata hivyo mtoto asiyefika chini hujifunza hofu kabla ya kujifunza mizani, na breki ambazo vidole vyake havizifikii si breki kwake. Magurudumu ya inchi 16 humfaa wa miaka mitano au sita, 20 wa saba hadi tisa, 24 baada ya hapo, kwa kukadiria, maana mguu ndio mwamuzi na siyo miaka. Na ikiwa wazazi wa mtaa mmoja, Kiamunyi au Kaptembwo, wangekubaliana kupokezana baiskeli watoto wanapokua, kila mtoto angepanda iliyo kadiri yake pasipo nyumba moja kubeba gharama yote.

Siku ya kununua, omba kuipanda, na uipande kwenye mwinuko, ukiwa na mzigo kama wa kila siku. Ikiwa muuzaji anakataa, yapo maduka mengine mjini. Na baada ya majuma mawili ipeleke kwa fundi, kwa sababu nyaya mpya za breki na gia hunyooka, spoki hulegea, na nguzo ya kiti huteremka kidogo kidogo kwa uzito wa mwenyewe. Aipime tena ile sentimita 70 na nusu, au kadiri ya mguu wako ilivyotoka, aikaze, nawe umlipe haki yake.